Jumamosi Sita na Neva: Darasa la Kaloleni Nimelionaje

Nililipa shilingi 1,800: shilingi 300 kila Jumamosi, kwa Jumamosi sita, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, katika chumba cha mbele cha nyumba moja mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu. Darasa halina bango wala jina. Anayefundisha ni mama mstaafu aliyewafunza wauguzi kwa miaka mingi, nasi tulimwita Mwalimu, basi. Tulikuwa watu kumi na wanane. Wengi wanawatunza wagonjwa wa sukari au wa kiharusi nyumbani, wawili walikuwa wasichana wanaojiandaa kuingia chuo cha uuguzi, mmoja mkulima wa Ahero, na mimi fundi wa nguo wa soko la Kibuye. Wateja wangu wamenisikia nikisimulia habari za neva, yaani mishipa ya fahamu, tangu wiki ya kwanza, na wote huishia kuniuliza swali moja: pesa yako ilirudi? Ilirudi, na zaidi. Kasoro nazo zilikuwepo, nitazitaja.

Kwanza nieleze kilichonipeleka.

Mama yangu amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Tangu alipotoka Vihiga anaishi nami Manyatta. Kuna mwaka mzima ambao hakulala vizuri: miguu ilimwaka moto usiku, na shuka ikigusa vidole tu alishtuka. Baadaye ule moto ulipungua, ukapungua, ukaisha kabisa. Tulifurahi mno. Niliwapigia ndugu zangu simu nikawaambia dawa imefanya kazi.

Kisha ikaja jioni ya karai. Mama alikuwa na mazoea ya kutia miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi kabla ya kulala. Siku hiyo mjukuu wake ndiye aliyemimina maji, akayatoa jikoni moja kwa moja bila kuyapoza. Nilimkuta mama ametulia, miguu imo ndani, anachambua kunde kwenye ungo. Kitambaa kilikuwa kimeangukia majini. Nikatumbukiza mkono nikichukue, na mkono ukaruka nje kabla hata sijajua kuwa nimeungua. Nikamtazama mama. Aliendelea kuchambua kunde. Usiku ule malengelenge yalimtoka miguu yote miwili, na kidonda cha mguu wa kushoto kilichukua wiki saba kufunga.

Kliniki tuliyokuwa tukienda wakati huo, sitaitaja, walinijibu maneno mawili: "Ni neva." Miaka miwili tulikuwa tukienda pale kila mwezi, na hakuna siku hata moja mama aliyoambiwa avue viatu. Walimpima sukari kidoleni, wakaandika dawa, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo jirani yangu wa kibanda aliponiambia kuna mtu anafundisha mambo ya neva kwa Kiswahili, nilijiandikisha siku hiyo hiyo, ingawa Jumamosi ndiyo siku wateja wangu wa sare na vitenge wanapojaa.

Jumamosi ya kwanza sitaikalia sana. Ilikuwa ya seli kwa jumla, yale ambayo aliyesoma hadi kidato cha pili ameyaona: utando wa nje, kiini, mitokondria zinazotoa nguvu kutoka kwenye chakula. Mawili yalinibakia. La kwanza ni habari ya Antonie van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi katika karne ya 17. Wauza vitambaa wa wakati ule walitumia lenzi kukagua nyuzi, na yeye akaanza kutengeneza lenzi zake mwenyewe, kali kuliko za wenzake, mpaka akaziona chembe nyekundu za damu na viumbe vidogo ndani ya maji ya ziwa. Mtu wa nguo kama mimi! Nilipoinama kwenye hadubini nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Tulikuwa tumekwangua ndani ya shavu kwa kijiti, tukapaka kwenye kioo, tukatia tone la rangi ya bluu. Niliona kitu kama kipande cha mfuko wa nailoni kilichokunjika, na katikati yake doa la bluu iliyokolea. Doa lile ni kiini, ndani yake zimo kromosomu 46. Kitu kile kilikuwa changu, kimetoka shavuni mwangu dakika tano zilizopita.

La pili ni chembe nyekundu za damu. Zenyewe hazina kiini na huishi takriban siku 120, kisha mwili huzivunja na kutengeneza nyingine. Wakati wote zikizunguka, sukari iliyomo kwenye damu hujishika nazo, na ikishashika haitoki kirahisi. Ndiyo maana kuna kipimo kinachoitwa HbA1c, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Mama alikuwa na mtindo wa kula kwa uangalifu siku mbili kabla ya kliniki. Kidole kilisema uzuri, kumbe damu yenyewe ilikuwa imeandika kila kitu.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonifanya nijue sitakosa hata moja. Mwalimu aliingia akauliza, "Fundi, tepu unayo?" Tepu haitoki shingoni mwangu. Akamsimamisha kijana mmoja mrefu anayemtunza babake aliyepatwa na kiharusi, akamwomba avue kiatu. Akaniambia niweke mwanzo wa tepu kwenye ncha ya kidole gumba, nipite kwenye kifundo, nipande nyuma ya mguu, kisha nifuate mgongo. Nikapima kama ninavyopima suruali, ila kutoka chini kwenda juu. Kiunoni nilisoma sentimita 126. Nikaendelea, na tepu yangu ya sentimita 150 ikaishia katikati ya mgongo. Nikatia alama ya chaki kwenye shati lake, nikahamisha tepu, nikafika pale shingo inapokutana na kichwa. Jumla, sentimita 186.

"Hiyo," Mwalimu akasema, "ni seli moja."

Tulinyamaza. Mwili wa seli hiyo umekaa kando ya uti wa mgongo, kiunoni, mdogo kiasi kwamba jicho halioni. Uzi wake mmoja umeshuka hadi kidoleni, mwingine umepanda bila kukatika hadi chini ya ubongo, na kazi yake ni kupeleka habari za mguso. Uzi huo unaitwa akzoni. Ni mwembamba kuliko unywele, na ni mrefu kuliko upana wa kitambaa cha inchi 60. Nimeshona miaka kumi na sita, nimezoea kufikiri juu ya uzi, lakini sikuwahi kuwaza kwamba ndani ya mguu wa mtu kuna uzi ulio hai, unaokula, unaohitaji kutunzwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Unaokula, nimesema, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mama. Vifaa vingi vya seli hutengenezwa kwenye mwili wake, kisha husafirishwa ndani ya akzoni hadi mwisho. Mizigo ya haraka huenda takriban sentimita 40 kwa siku. Piga hesabu: kutoka kiunoni mpaka kidole gumba cha yule kijana ni safari ya siku tatu hivi, na ipo mizigo mingine iendayo milimita chache tu kwa siku. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huidhuru seli yenyewe na pia vijishipa vya damu vinavyoilisha. Nyuzi ndefu kuliko zote ndizo zinazoshindwa kwanza, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni mwa miguu na kupanda kama soksi. Ikikaribia magoti, ndipo vidole vya mikono navyo huanza. Mama alikuwa akiniambia, huku yuko miguu mitupu, "Mwanangu, naona kama nimevaa soksi." Nilikuwa namjibu kwamba ni uzee.

Wiki iliyofuata Mwalimu alileta beseni na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na chumvi ya dukani. Wa pili ulikuwa na munyu, ule wa kienyeji unaochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambao sisi wa Vihiga hatupiki mrenda bila huo. Akatuambia tuonje vyote viwili. Chumvi ya dukani ina sodiamu. Munyu wa majivu una potasiamu kwa wingi. Akachukua mfuko wa plastiki, akatia maji ya munyu ndani, akaufunga, akauzamisha kwenye beseni la maji ya chumvi. "Hii ndiyo neva iliyotulia," akasema. Potasiamu nyingi ndani, sodiamu nyingi nje, na utando katikati.

Utando huo una pampu, nyingi mno, na kila pampu hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, tena na tena, mchana na usiku, na kazi hiyo inakula nguvu. Ubongo una uzito wa asilimia 2 hivi ya mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na sehemu kubwa huenda kwenye pampu hizi. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kwenda nje, na hivyo ndani hubaki na umeme hasi, takriban milivolti 70. Ni mdogo sana, kama sehemu moja ya ishirini ya ule wa betri ya redio. Neva ikiguswa, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde ndani hugeuka kuwa chanya. Halafu vya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, mambo hutulia. Lakini sehemu ya jirani imeshashtuka, nayo imeshashtua inayofuata, na habari imeshaenda.

Waliolithibitisha jambo hili ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, kwa kutumia ngisi, jamaa ya pweza. Ngisi ana akzoni nene inayokaribia milimita moja, unene wa uzi wa sweta, kwa hiyo waliweza kuingiza waya ndani yake na kupima. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1952, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1963.

Mwanamke mmoja, anayemtunza mumewe, aliuliza swali nililokuwa nalo: kama kila mshtuko ni ule ule, mtu anajuaje kwamba hiki kimemgusa kidogo na kile kimemgonga sana? Mwalimu akaenda mlangoni, akagonga mara moja. "Hodi." Akangoja. "Hodi." Kisha akagonga mfululizo: hodi hodi hodi hodi! Sauti ile ile, lakini sisi wote tuligeuka. Neva haipandishi sauti. Ikiguswa kwa nguvu, inapiga hodi nyingi zaidi kwa sekunde moja.

Na hapo hapo akalitaja lile la miguu kuwaka moto. Neva inayoharibika huanza kupiga hodi bila mgeni. Hakuna moto, hakuna shuka nzito, hakuna mdudu. Neva yenyewe inajishtukia na ubongo unaamini kuna kitu. Ikiendelea kuharibika, inafika siku inanyamaza. Mtu huacha kusikia moto, na watu wa nyumbani hufikiri amepona.

Sikuandika chochote dakika zile. Nilikuwa nakumbuka simu nilizopiga kwa ndugu zangu.

Kama utaenda kwenye darasa hili kwa ajili ya jambo moja tu, nenda kwa hilo. Kama una mzazi aliyelalamika miguu inawaka na sasa halalamiki, usimshangilie kwanza. Mvue soksi umtazame. Mwalimu alieleza kwamba wapo ambao maumivu hupungua kwa sababu sukari imetulia, na wapo ambao hupungua kwa sababu neva imekufa, na hakuna njia ya kuwatofautisha kwa kuwauliza tu. Lazima kupima.

Sasa kasoro. Jumamosi ya nne ilikuwa mbaya. Tulianza saa nne na dakika arobaini kwa sababu chumba kilikuwa kimefungwa na mwenye funguo hakuonekana. Somo lilikuwa kubwa kuliko yote, jinsi neva moja inavyozungumza na nyingine, na likabanwa. Karatasi tulizopewa zilikuwa za Kiingereza chote, maandishi madogo, picha zimefifia kwa kutolewa kopi mara nyingi. Mama wawili waliokaa nyuma yangu waliziweka kwenye mikoba bila kuzitazama. Mtu anayefundisha kwa Kiswahili kizuri namna ile anapaswa kutoa karatasi za Kiswahili. Nilimwambia, akakubali, lakini hadi wiki ya sita hazikuwa zimebadilika. Hadubini pia ni moja kwa watu kumi na wanane. Jumamosi ya kwanza nilisubiri karibu saa nzima kwa dakika moja ya kutazama.

Hata hivyo, kwa muda ule mfupi, alitumia mfano ambao watu wa ziwani hawawezi kuusahau. Barabara inafika Luanda Kotieno inaishia majini. Gari haliruki. Kuna feri, na ng'ambo iko Mbita, ambako safari ya barabara inaendelea. Neva nazo ni hivyo. Umeme ukifika mwisho wa akzoni hukuta pengo la nanomita 20 hivi, na unywele mmoja kwa unene wake ungeweza kubeba maelfu ya mapengo ya namna hiyo. Kalisiamu huingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hupasukia kwenye pengo, kemikali huvuka na kugonga mlango wa upande wa pili. Pengo hilo linaitwa sinapsi. Aliyeonyesha kuwa habari huvuka kwa kemikali ni Otto Loewi, mwaka 1921, kwa mioyo miwili ya chura. Alisisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo bila neva yake kuguswa. Mwaka 1936 alipata Nobeli pamoja na Henry Dale.

Yule mkulima wa Ahero ndiye aliyeokoa asubuhi ile. Aliuliza kwa nini alipokuwa ananyunyizia nyanya dawa ya wadudu bila kuziba uso alitokwa na mate na machozi, jasho likamwagika, macho yakawa hayaoni vizuri, misuli ikawa inatetemeka yenyewe. Mwalimu akaacha karatasi. Kwenye sinapsi za misuli, akasema, kemikali inayovuka ni asetilikolini, na ikishafikisha ujumbe kuna kimeng'enya kinachoivunja mara moja ili msuli utulie. Dawa nyingine za wadudu, zile za jamii ya oganofosfeti, hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe umefika lakini haufutwi. Tezi za mate hazinyamazi, misuli hainyamazi, na ile ya kupumua inaweza kushindwa kabisa. Akatuambia la kufanya: mtoe mtu shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali na ubebe chupa au lebo ya dawa, kwa sababu hospitali wana dawa za kupambana nayo. Mkulima alikuwa amekaa nyumbani siku mbili akinywa maziwa. Naamini kwamba yeye ndiye aliyepata faida kubwa kuliko sisi wote.

Jumamosi ya tano nilikwenda na kidole kilichovimba, kwa sababu usiku wake sindano ya cherehani ilikuwa imenigusa nikimalizia sare za shule. Mwalimu akanitumia kama mfano, nami nikakubali. Kila fundi anajua jambo hili bila kujua kwamba analijua: sindano ikikuchoma, kwanza unasikia mchomo mkali, mfupi, pale pale. Halafu, baada ya kama sekunde moja, linakuja lile la pili, zito, linalosambaa na kukaa. Ni habari mbili zilizoondoka pamoja kidoleni. Ya kwanza imepita kwenye nyuzi zilizovikwa mielini, ambayo ni mafuta na protini zilizozungushwa kwenye akzoni tabaka juu ya tabaka. Nyuzi nene zilizovikwa hivyo, kama zile za misuli, hufika hata mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba za maumivu ya kwanza ni za polepole zaidi lakini bado huwahi. Habari ya pili imepita kwenye nyuzi zisizovikwa chochote, zinazokwenda kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Mielini haifuniki uzi wote. Kila baada ya milimita moja hivi inaacha upenyo mdogo, na mshtuko huonekana kwenye upenyo tu, unazama, unaibukia upenyo unaofuata. Niliinua mkono nikasema, "Mwalimu, huko ni kupiga bandi." Uzi unazama chini ya kitambaa, unaibuka, unazama, na ndiyo maana kupiga bandi ni haraka kuliko kushona kwa kushikilia kila hatua. Akaliandika neno hilo ubaoni.

Na mkono wangu kwenye karai? Haukungoja ubongo. Habari ya moto iliingia kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na pale pale ikapewa neva za misuli ya mkono: vuta. Maumivu yalifika ubongoni baadaye, mkono tayari uko nje. Miguu ya mama ilikuwa na misuli, na ugwe wake ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni habari ya kwanza, ile ya kutoka kwenye ngozi. Hakuna aliyepiga hodi.

Nilimwuliza kama neva zake zitaota tena. Mwalimu hakunidanganya, na nampa heshima kwa hilo. Neva ya mkono iliyokatwa na panga, ikiunganishwa vizuri, huota takriban milimita moja kwa siku. Ya mtu mwenye sukari ya juu haina nafasi hiyo, kwa sababu kinachoiharibu bado kipo. Kushusha sukari ni kuokoa zile zilizobaki. Alituonya pia kuhusu sindano na vidonge vinavyouzwa mitaani kwa jina la dawa ya neva, na akatuambia jambo ambalo kliniki hawakuwahi kutueleza: anayemeza metformin, dawa ya sukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na upungufu huo peke yake huharibu neva, kwa hiyo tumwombe daktari aipime.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya vitendo. Mwalimu ana kifaa cha kupimia miguu, uzi mgumu wa nailoni kwenye mpini, ambao ukiubonyeza kwenye ngozi hupinda ukifika nguvu ya gramu 10. Aliubonyeza kwanza kwenye mizani ndogo ya jikoni tuone wenyewe: ukapinda, mizani ikasoma 10. Mgonjwa hufumba macho, unagusa nyayo na vidole hadi uzi upinde, si juu ya sugu wala kidonda, naye anasema kama amesikia. Uzi mwembamba kama ule wa kuvulia samaki ndio unaojua kama mguu uko salama. Kwa nyumbani, ambako hatuna kifaa hicho, alitufunza kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, ambacho hakigharimu chochote: kwa ncha ya kidole chako gusa kidogo sana, kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usisukume, usigongegonge. Ni vidole sita. Asiposikia viwili au zaidi, mguu una upungufu na unahitaji kuonwa.

Nilifanya jioni hiyo hiyo, mama amelala kitandani, kitambaa juu ya macho. Nikagusa kidole gumba cha kulia. "Hapo." Cha mwisho cha kulia. Kimya. Kidole gumba cha kushoto. Kimya. Nikagusa tena kwa makosa, nikangoja. "Umeshaanza?" akaniuliza. Alisikia viwili kati ya sita.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikampeleka kliniki nyingine na ile namba kwenye karatasi. Daktari alimvua viatu mwenyewe, akatoa uzi wa nailoni kama ule wa Mwalimu, akaandika kipimo cha HbA1c na cha B12, akamwelekeza aina ya viatu vya kuvaa. Karai tumelitoa chumbani. Sasa maji ya mama ni ya vuguvugu na anayeyapima ni mjukuu, kwa kiwiko. Kila jioni baada ya chakula namtazama nyayo na katikati ya vidole kwa tochi ya simu.

Mzunguko mpya wa darasa unaanza baada ya shule kufunguliwa. Bei ni ile ile. Nenda mapema upate kiti cha mbele, beba daftari lako kwa sababu karatasi hazitakusaidia, na kama unamtunza mtu, mwombe Mwalimu akuruhusu kushika ule uzi wewe mwenyewe badala ya kumtazama yeye akipima. Mimi nitarudi kwa Jumamosi ya nne peke yake. Ameniahidi kuirudia yote, bila malipo, na nimemwambia nitakuja na tepu.